Gari Lililokaa Eda

Mimi si mtu wa kuamini majini. Kwetu Tanga, watu wakianza hadithi hizo, mimi ndiye niliyekuwa nainuka kwenda kuosha vyombo. Nalisema hili mapema, kwa sababu majira ya baridi yale, hapa Manassas, Marekani, niliogopa gari.

Lilikuwa gari la mume wangu. Alikuwa akienda nalo stesheni, analiacha, anapanda treni ya kwenda kazini Washington, na jioni analirudisha nyuma ya nyumba, juu ya kokoto, chini ya dirisha la jikoni. Jioni moja aliliegesha na taa zikabaki zinawaka. Nilidhani anamalizia simu. Nikamimina chai, nikaifunika. Nilipotoka kumwita, injini ilikuwa bado inanguruma, na yeye, pale pale kwenye usukani, alikuwa ameshakwenda zake.

Wanaume wa msikitini walimchukua. Wakamwosha wao, wakamvika sanda wao, wakamzika wao. Kwa mila zetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki sebuleni kati ya wenzangu na masinia ya pilau. Wafanyakazi wenzangu waliniuliza baadaye, mazishi yalikuwaje? Nilimwona akitolewa mlangoni, basi.

Shangazi yangu akahama kwake Silver Spring, akaja kunisimamia eda. Mjane akiwa edani hatoki ovyo, hajipambi, na kwa watu wetu hajitazami kiooni. Shangazi akafunika vioo vyote vya nyumba kwa bafta nyeupe iliyobaki kwenye sanda. Alipomaliza bafuni na vyumbani, akatoka nje na vipande viwili, akafunga vioo vya pembeni vya gari.

"Shangazi, na hilo nalo?"

"Kioo ni kioo, mwanangu. Nawe jikoni ndiko unakoshinda."

Nikamwacha. Kubishana na shangazi yangu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hatukujua kwamba huku kitambaa cheupe kwenye gari kina maana yake: gari limeharibika, mwenyewe kaliacha. Stika ya namba, ile ya kuonyesha gari limelipiwa, nayo ikawa imekwisha muda, maana mambo hayo alikuwa akiyashughulikia marehemu. Jirani akaona, akapiga simu. Mkaguzi wa mji akaja asubuhi na mapema, nikiwa bado kwenye mswala, akapiga picha, akabandika karatasi mlangoni: faini kwa kuweka uani gari bovu lisilolipiwa, na lisipoondolewa litakuja kuvutwa.

Faini ningelipa, hata kwa kununa. Kuvutwa, hapana. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu. Ukifungua mlango, harufu yake imo. Kaburi lake sikuliona. Kwangu mimi alikuwa hajatoka mle ndani. Nikawaandikia kwamba napinga, na kwamba gari lile halijaguswa na mtu tangu siku ya msiba. Nilipokuwa natia sahihi nilitupa jicho dirishani, kwenye gari.

Maana kulikuwa na jambo. Asubuhi, treni ikipiga honi kule stesheni, mimi huwa nimeshaswali na niko jikoni. Magari yote ya mtaa yalikuwa na barafu nje ya vioo. Lile letu lilikuwa na ukungu kwa ndani, ule unaoletwa na pumzi ya mtu. Funguo zilikuwa zimetundikwa pale pale kwenye msumari wake. Asubuhi moja kitambaa cha upande wa dereva kilikuwa kimefunguliwa, kimelala juu ya kokoto. Shangazi akakifunga tena, akalaumu upepo. Siku nyingine, kwenye ukungu wa kioo cha mbele palikuwa na mahali palipofutwa, ukubwa wa kiganja, mbele ya usukani kabisa, kama anavyofuta dereva ili aone njia.

Sikumwambia shangazi, angeijaza nyumba ubani. Wala sikumwambia binti yangu, aliyekuwa sekondari na tangu msiba hajatoa hata chozi. Kila nikimuuliza hali yake ananijibu, "I'm fine, Mama," anavaa viatu, anatoka kuwahi basi la shule.

Shauri lilisikilizwa kwa video, kwa kuwa nilikuwa edani. Nilikaa kwenye meza ya jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Shangazi alikuwa pembeni na tasbihi yake, amenitandia mtandio hadi karibu na macho. Binti yangu alisimama nyuma yangu, anisaidie Kiingereza kikinishinda. Msikilizaji wa shauri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Akaziweka picha za mkaguzi kwenye skrini.

Ya kwanza ilionyesha vile vitambaa vyeupe. Ya pili ilikuwa ya kioo cha mbele. Ukungu. Pale palipofutwa, nyuma ya usukani, alikuwepo mtu. Uso haukuonekana. Ilionekana kofia ya kiua, na kola ya koti la mume wangu.

"Mama," akasema yule mwanamke, "umeandika kwamba gari halijaguswa na mtu. Huyu ni nani?"

Nilimtazama yule mtu, na namwomba Mungu anisamehe, nilitaka ageuze uso.

"That's me," binti yangu akasema nyuma yangu.

Alikuwa na ufunguo wa akiba. Mimi nikiwa kwenye mswala, yeye alikuwa anavaa koti la baba yake na kofia yake, anakaa mle, kisha anarudi ndani kabla sijainuka. Alikifungua kile kitambaa kwa sababu baba yake hakuwa akiondoka bila kutazama kioo.

Ningepaswa kushukuru. Badala yake niliangua kilio mbele ya mgeni, kilio ambacho sikukitoa hata siku ya msiba. Kumbe wiki zote zile sikuwa naogopa tu. Nilikuwa nangoja. Na sasa hakuna tena wa kungojwa.

Yule mwanamke aliniacha nilie. Kisha akauliza habari ya vitambaa, nami nikamweleza, sanda, vioo, eda, yote.

"Faini naifuta," akasema. "Lakini gari lisilolipiwa haliruhusiwi kukaa wazi. Lifunikeni lote, hadi chini kwenye magurudumu. Likifunikwa, hakuna atakayelivuta."

"Anasemaje huyo?" shangazi akauliza.

"Anasema tulifunike lote, shangazi."

Tasbihi ikasimama mkononi mwake. "Lote?"

"Hadi miguuni."

Jumamosi jamaa wa Silver Spring wakatuletea jora la bafta. Shangazi alishinda akiunga vipande kwa sindano ya mkono, hataki cherehani. Tulipotoka nalo nje, binti yangu akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili anakisikia tu, "Mama, tulioshe kwanza."

Tukachemsha maji. Hakuna aliyemwelekeza mwenzake, lakini sote tulianzia upande wa kulia. Tuliosha polepole, na milango hatukuifungua. Binti yangu alipofika kwenye mlango wa dereva aliweka kiganja kwenye kioo, na hapo ndipo alipolia. Nilimshika mpaka alipotulia.

Kisha tukatandaza bafta, tukafunga kwa kamba mbele, katikati na nyuma. Upepo ukaingia chini ya kitambaa, kikainuka taratibu kama kifua cha mtu, kikashuka. Tulisimama tukitazama. Hakikuinuka tena.

Shangazi akaomba dua, nasi tukaitikia amina. Siku hizi mtu akiniuliza mazishi yalikuwaje, namwambia, nilikuwepo.