Uji wa Bundala

Acheni kuniambia kwamba shangazi Milembe alikuwa mchawi. Mimi Mektilda ndiye niliyekuwa mke wa Bundala, na ninasema leo kwa kuwa mume wangu ameshazikwa, nami nimechoka kukaa na siri hii.

Bundala alikuwa kuli wa pamba pale Bariadi. Serikali ilipotoa ruksa na wanunuzi binafsi wakaja kugombania pamba yetu, malori yalipanga foleni, na mwenye nguvu ndiye aliyeitwa. Mume wangu aliitwa wa kwanza. Gunia alilibeba huku anapiga mluzi, yule!

Nikataka asije akashindwa. Jirani akanidokeza kwamba majani ya bangi yakisagwa na kuchemshwa na maziwa yanampa mtu hamu ya kula na nguvu za kazi. Nikawa natia kidogo kwenye uji wake wa asubuhi, bila kumwambia, maana alikuwa mtu wa kanisa, angeumwaga.

Miezi miwili haikuisha akaanza kuamka hoi. "Mapaja yamekufa, Mektilda. Utadhani nimelima eka nzima." Mchana kweupe, akiwa chini ya gunia, alisikia mwanamke akimwambia: lima, lima. Siku moja akanionyesha viganja vyake, analia. "Ona udongo huu." Sikuona udongo wowote. Lakini alivyousugua, vinyweleo vilinisimama.

Kwetu hilo lina jina: unalimishwa. Mchawi anakuchukua ukiwa usingizini, unamlimia shamba lake, anakurudisha umechoka. Bundala akamwaga majivu mlangoni amnase. Asubuhi majivu yalikuwa vilevile, hakuna hata unyayo, naye hakuweza kuinuka kitandani. Mungu wangu, niliogopa! Nikamwongezea majani.

Mwishowe akasema sauti ile ni ya shangazi Milembe, dada wa baba yake, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na kwetu macho mekundu huitwa ya mchawi. Vijana wakamwendea na mapanga. Jua likifika utosini awe ameondoka, la sivyo watamkata.

Alipita jikoni kwangu kuniaga, jembe begani. Akainamia sufuria, akanusa. Nikajua nimekwisha, vijana walikuwa hatua kumi tu pale nje. Angesema neno moja, mapanga yangenigeukia mimi. Akanishika mkono.

"Ng'wanone," akaninong'oneza, mwanangu, "usimpe tena uji huu."

Akashika njia ya Lingeka. Sikumtetea. Mwoga mimi!

Nikaacha majani. Baada ya wiki kadhaa Bundala akabeba gunia akipiga mluzi. Kijiji kizima kikasema, mmeona? Mchawi kaondoka, nguvu zimerudi.

Majuzi mjukuu wangu Joyness, anayesomea udaktari, alinieleza kwamba ndani ya misuli mna mitokondria, kama majiko madogo yanayopika nguvu za mwili. Bangi ina vipokezi vyake humohumo, na ikivigusa, moto unapungua. Wameona kwa panya, akasema, kwa binadamu bado wanachunguza. Nikamuuliza, na sauti? "Sauti nazo bangi huzileta, bibi."

Shangazi alifia Lingeka, peke yake, Bundala angali hai. Habari ilipotufikia, Bundala alimshukuru Mungu kwa sauti, akakaa mezani, akaomba uji. Nikampikia, bila majani.