Belanka Iliyokaa Darini

Ukimtaja Mwatumu mbele ya watu wa Manundu, hapa Korogwe mjini, watakuuliza, "Yule wa belanka?" Ndiye huyo huyo. Mwaka tisini na tano alipunguzwa kazi kwenye ofisi ya shamba moja la mkonge. Wenzake walifungua magenge ya nyanya. Yeye, kichwa kigumu, akachukua kiinua mgongo chote akaenda Tanga kununua kompyuta iliyokwisha tumika Ulaya, akafungua kibanda cha kuchapa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mitumba ya nguo walishaizoea, lakini mitumba ya kompyuta, lo!

Kompyuta yenyewe tumbo lake lilikuwa dogo. Kila barua na kila kadi ya harusi iliwekwa kwenye disketi, kile kibapa cha plastiki kinachoenea kiganjani. Na disketi zilizofika Korogwe siku zile zilikuwa za kampuni moja tu, Belanka, za bluu, kumi kwa boksi. Jina likakolea. Hata zilipokuja za kampuni nyingine, nyeusi na za bei poa, mteja bado alisema, "Nipe belanka." Mwatumu hakutaka hata kuzigusa hizo nyeusi. Mume hakuwa naye, mtoto hakujaliwa, ndugu wa tumbo moja hana. Alikuwa na mama yake kule kijijini Kwedizinga, basi.

Mwaka tisini na nane mama huyo alikuja Korogwe kutibiwa macho. Siku mbili alikaa kibandani kwenye stuli, akinusa ugoro, akimwangalia binti yake anavyochapa. Siku ya tatu akasema, "Na mimi niandike."

"Nikuandike nini, mama?"

"Nilikotoka. Wenzako wanne niliowazaa na kuwazika kabla yako, na majina yao. Mwaka wa njaa. Ukibaki peke yako utayasoma."

Akasema kutwa nzima, Kizigua kikiingia Kiswahili, Mwatumu akichapa. Kutoa kwenye karatasi hawakutoa. Utepe wa printa ulikuwa ukingoni na kadi za wateja zilikuwa zinasubiri. "Tutatoa ukija tena," Mwatumu alisema. Mama akaomba ile disketi akae nayo mwenyewe. Maneno ni yake, nani amnyime?

Hakuja tena. Miguu ilimkatalia. Huku mjini nako flashi zikaingia, na Belanka ikanunuliwa na kampuni kubwa zaidi, kiwanda kikafungwa. Mwatumu aliambiwa hayo kwa simu na wakala wa Tanga aliyekuwa akimuuzia disketi, akajikuta analia. Jamani, kulilia kiwanda ambacho hakijawahi kusikia kuna mahali panaitwa Manundu! Lakini wateja nao walishahama, na siku nzima ilipita asisikie hodi. Alianza kusema na redio, akayajibu hata matangazo ya vifo.

Mwaka elfu mbili na sita ikawa zamu ya mama yake kutangazwa.

Baada ya matanga Mwatumu aliitafuta ile disketi nyumba nzima ya mama yake. Aliikuta darini juu ya mafiga, imefungwa kwenye kaniki, katikati ya mahindi ya mbegu. Bibi wa watu alikuwa ameiweka pale panapowekwa kitu usichotaka kiliwe na wadudu. Miaka minane ya moshi na joto! Bluu yote ilikuwa imegeuka masizi, na upande mmoja umejikunja. Umlaumu kwa lipi? Alikuwa ameitunza kwa njia bora kuliko zote alizozijua.

Alirudi nayo Korogwe roho mkononi. Akaifuta, akainyoosha, akaitia kwenye mashine. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikauliza kama aifute yote aanze upya. Akakataa. Akarudia. Siku nne alirudia, mpaka Hiza, mwalimu wa shule ya Kilole aliyekuja kutoa nakala ya cheti, akamwonea huruma.

"Dada Mwatumu, hii imekufa. Sasa si uandike upya? Si wewe uliyechapa?"

Jamani, kweli! Furaha ilimpanda hata akasahau kumpa mwalimu cheti chake. Alivuta kiti, akaweka vidole mahali pake, akasubiri.

Hakukuja kitu. Mwatumu alikuwa mchapaji kwelikweli, na mchapaji wa aina yake maneno humwingilia sikioni yakatokea vidoleni, kichwani hayapiti. Alijisifu kwa hilo miaka yote: aliweza kuchapa hati ya mirathi huku akiwaza mboga ya jioni. Majina ya watoto wanne alikuwa ameyaandika kwa mkono wake, na hakujua hata moja. Alichokumbuka ni harufu ya ugoro, na mama yake akisita kila baada ya muda, akimgeukia.

"Umenisikia, mwanangu?"

Na yeye, macho kwenye kioo, "Nimeandika, mama."