Ukungu Kwenye Chupa ya Peremende

Dada yangu anajua shuka limekauka kwa kuliweka shavuni. Hatumii mkono, maana mikono yake imebabuliwa na mvuke mpaka haihisi kitu. Analichukua shuka, analileta shavuni, anafumba macho kidogo, kisha anasema "kavu" au analirudisha kwenye mashine. Amefanya hivyo tangu alipoajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akiwa msichana bado, na wenzake wakampachika jina la Mama Pasi kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Jina likaganda. Hata mimi mdogo wake, tumbo moja, nikimkasirikia namwita hivyo hivyo.

Na tunakasirikiana sana, tusidanganyane. Yeye ni mtu wa polepole, mimi ni pilipili. Unaweza kumtukana asubuhi akakujibu jioni, tena kwa upole, mpaka uone aibu. Kitu kimoja tu ndicho kinachompandisha mori, nacho ni unyevu. Shuka likikunjwa bichi linavunda, wauguzi wanalirudisha, na msimamizi anashuka kule chini na maneno yake. Kwa hiyo dada amezeeka akipigana na unyevu kazini, halafu anarudi nyumbani kuendelea na vita. Ukuta wa nyuma wa chumba chake umegusana na bafu la majirani, na kila msimu wa mvua unatoka jasho na kuota majani laini ya kijani, yale yanayojitandika kama zulia. Dada huyakwangua kwa kisu, anapaka chokaa, anafungua madirisha hata kukiwa na baridi ya kutetemesha meno. Ukienda kwake ukaacha taulo bichi juu ya kitanda, utajuta kuzaliwa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Kazi yake ilikuwa kuuza miche kwenye kitalu cha pembeni mwa barabara kuu, na alirudi nyumbani na udongo chini ya kucha, jambo lililomtia mama yake wazimu. Mimi aliniita "mama mdogo mkubwa," kwa sababu ya huu mwili wangu, na alisema hivyo mbele za watu bila haya. Nilimpenda yule mtoto. Nalisema waziwazi kwa sababu sasa hakuna faida ya kuficha.

Kifua kilimwanza kwa kikohozi cha kawaida, tukampa dawa za kawaida. Baadaye ikawa kupanda ngazi ni kazi, halafu kuongea, halafu hata kucheka. Daktari aliyempima aliuliza maswali mengi, na katikati ya hayo mengi akauliza kama nyumba ina unyevu, akasema unyevu si mzuri kwa kifua cha namna ile. Alisema tu kwa kupita, akahamia jambo jingine. Dada yeye hakuhama. Alitoka pale na neno lile moyoni, akaukwangua ukuta mpaka matofali yakachungulia.

Binti aliposhindwa kwenda kazini akaanza kuchoshwa na kuta. Siku moja aliniomba ile chupa kubwa ya kioo ninayowekea peremende dukani kwangu, ambayo mfuniko wake ulivunjika zamani nikawa naifunika na sahani. Nikamletea. Mama yake alikuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye niliyegeuzwa kibarua. Niliosheshwa kokoto, nikapondeshwa mkaa, nikatumwa kitaluni kuleta udongo. Mwenzake wa kule, mama mmoja mnene kama mimi anayeitwa Bibi Mbolea, alinipa udongo uliochekechwa na kimche cha kangaga, mmea wa kivulini wenye majani kama manyoya, kilichofungwa kwenye gazeti bichi, akasema mwambie mgonjwa namdai kicheko.

Binti alikaa mkekani akapanga. Kwanza kokoto, ili maji yapate pa kukimbilia. Juu yake mkaa, ili ndani kusinuke. Kisha kipande cha chandarua kuukuu cha kuzuia udongo usizame, na udongo wenyewe, aliouteremsha kwa kijiko alichokifunga kwenye kijiti cha fagio. Baada ya kila tabaka alipumzika, mgongo ukutani, mdomo wazi. Kimche alikisimamisha katikati. Halafu akanituma nyuma ya mlango wa uani, kwenye kipembe ambacho kisu cha mama yake kilikuwa hakijafika, nikabandue yale majani ya ukutani. Akayatandika kuzunguka kangaga, akayakandamiza kwa mgongo wa kijiko, akanyunyiza maji kwa ncha za vidole. Kizibo alikichonga kutoka kwenye kandambili ya bluu ya mama yake iliyokatika. Akakisukuma kwa kiganja mpaka kikabana.

Mama yake aliporudi na kuyaona yale majani, alisimama mlangoni bila kuvua hata viatu.

"Mama, nimemfunga adui yako jela," binti akamwambia, akacheka mpaka akakohoa, na sisi tukacheka huku tukiogopa kikohozi.

Kesho yake asubuhi chupa ilikuwa na ukungu ndani, nyeupe tupu, na kufikia mchana ukungu ukawa matone, matone yakateremka. Dada alikuwa ameshashika kitambaa. Binti akamweleza, na mimi nikiwepo: maji yanapanda kutoka kwenye udongo na majani, yanagonga kioo, yanashuka, mmea unayanywa tena. Hakiingii kitu, hakitoki kitu. Kinajipumulia chenyewe humo. Ukungu ule ndio unaoonyesha kuwa kiko hai.

"Usiifungue hii, mama," alisema. "Hata kama sipo. Ina kila kitu humo ndani."

Dada akaahidi. Akakirudisha kitambaa begani, akaenda kuwasha jiko.

Sitaki kurefusha yaliyofuata. Siku za mwisho kuvuta pumzi ilikuwa kazi ya mwili mzima, mabega yakipanda na shingo ikikakamaa, na sauti ile inayotoka kifuani sijui niifananishe na nini. Dada alifungua madirisha yote, akaegesha mlango kwa kiti, akasimama kando ya kitanda akimpepea kwa shuka. Shuka zima, kwa mikono miwili, kama anayelikung'uta kazini. Alimpepea hivyo hadi nilipomshika mikono na kumwambia aache, mtoto ameshapumzika. Ilikuwa mchana, jua likiwaka, na chumba hakijawahi kuwa kikavu kama siku ile.

Baada ya msiba watu walitawanyika, kama ilivyo ada ya watu. Nguo za binti zilifuliwa, zikapigwa pasi, zikagawiwa, maana dada hakuweza kuziacha zikae na jasho wala hakuweza kuzitazama zikiwa safi. Kilichobaki ni chupa. Aliiweka mezani pembeni ya pasi, mbali na jua kama alivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike nikamsikia akiongea na kitu. Alikuwa anaiambia kuwa jana kazini shuka moja lilirudishwa. Sikumcheka. Kile kimche kilikuwa kimekunjua jani jipya, na lile jani alilitaja kwangu karibu kila tulipoonana, kwa sauti ndogo, kama anayeficha habari njema isisikike nje. Nikajua dada yangu ameshika uhai kwa uzi ule mmoja. Nami nikaomba kimche kisife, mimi ambaye sijawahi kuombea hata kuku.

Kisha duka likanibana, nikakaa kidogo bila kwenda. Nilipokwenda, jambo la kwanza nililoliona ni jinsi chupa inavyong'aa. Ungeweza kujitazama uso. Kizibo cha bluu kilikuwa kimelala mezani, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri pembe kwa pembe. Majani ya ukutani yalikuwa yamegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha tumika, na kimche kimejikunja ncha zote.

Nikamuuliza umefanya nini. Akasema hajafanya kitu, anaifuta tu. Kila asubuhi anaifungua, anafuta lile jasho ndani kwa kitambaa, anaiacha ipate hewa, kisha anakwenda kazini. Akaongeza kuwa imekuwa safi sana, nione mwenyewe.

Mimi na pilipili yangu nikalipuka. Nikamwambia si uliambiwa, tena na mwenyewe, mbele yangu, usifungue? Si ulisikia kwamba ule ukungu ndio maji yake? Unaufuta kwa kitambaa, sasa kinywe nini? Nilisema mengi na kwa sauti kubwa, na majirani walizima redio yao.

Alinisubiri nimalize. Ndivyo alivyo.

"Nilisikia," akasema. "Lakini wewe umewahi kukaa nayo asubuhi? Imefumba, hakionekani kitu ndani, matone yanateremka. Nilikuwa naona anakosa hewa. Ningekaa nimtazame tena?"

Nilikaa kwenye kiti kile kile alichoegeshea mlango, nikalia. Yeye hakulia. Alichukua kitambaa akaanza kukikunja upya.

Nilikwenda kitaluni nikamleta Bibi Mbolea, na njia nzima alikuwa na utani wake, lakini alipoingia na kuiona chupa utani ulimkatikia mdomoni. Akaomba kijiko. Kijiko kikatolewa, kile kile, bado kimefungwa kwenye kijiti cha fagio, na nikamwona akikishika kwa adabu kwa sababu alijua kilifungwa na nani. Akakata vilivyokufa, akanyunyiza maji kidogo, akasema shina bado lina kijani chini kabisa. Akakibana kizibo. Alimwambia dada, "Mama, sasa hii ni ya kuachwa. Kuipenda kwake ni kutoishika." Dada akaitikia kwa kichwa.

Mimi nilikusanya vitambaa vyote mle chumbani, mpaka vya vyombo, nikaenda navyo dukani. Mjinga mimi, mtu anayefanya kazi kwenye bahari ya mashuka nadhani nitamnyima kitambaa.

Ukungu ulirudi. Nilipita asubuhi moja kabla ya kufungua duka nikaukuta, mweupe, umejaa kioo chote, na nilipochungulia kwa pembeni niliona kichwa kidogo cha kijani kimechomoza, kimejipinda kama mkia wa kinyonga. Nilipiga kigelegele peke yangu. Dada alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, mikono ameikalia, uso ameugeuzia ukutani. Nikamwambia njoo uone. Akasema ameona. Nikamwambia njoo karibu. Akasema anaisikia hapo hapo alipo. Sikumuuliza anasikia nini.

Ningeichukua ile chupa siku ile. Nilimwomba, akakataa. Alisema kama nataka kumtoa mtoto mara ya pili basi nimuue na yeye. Nikaiacha.

Niliporudi, madirisha yalikuwa wazi yote na mlango umeegeshwa kwa kiti. Chupa ilikuwa dirishani, kwenye jua la mchana, haina kizibo, na dada amesimama mbele yake na shuka la hospitali mikononi, lile jeupe lenye mhuri, amechoka, jasho likimtiririka. Alikuwa anaipepea. Ndani ya kioo kile kilichochomwa na jua kila kitu kilikuwa kimelala, na kichwa kile kidogo kimekuwa kijiti cheusi. Nililichukua shuka mikononi mwake taratibu, kama nilivyomshika mikono siku ile ya kwanza. Hapo ndipo alipoketi sakafuni, na hapo ndipo alipolia.

Alichosema katika kulia kwake nimekibeba mpaka leo. Alisema kwamba ile hewa iliyokuwa ndani binti ndiye aliyeifunga, alikuwa ameipumua kabla ya kubana kizibo, na yeye siku ya kwanza kabisa aliyofungua aliitoa yote nje ya dirisha, akaifuta na kitambaa kana kwamba ni uchafu. Mmea unaweza kuoteshwa mwingine, alisema, lakini ile hewa ataipata wapi? Nilimshika tu. Nilitamani kumwambia kuwa hewa ni hewa.

Bibi Mbolea alituma mche mwingine. Dada aliurudisha kwa shukrani. Vilivyokauka hakuvitoa, kokoto ziko pale, mkaa, chandarua, na udongo uliopasuka. Kizibo cha bluu alikibana mwenyewe kwa kiganja, akairudisha chupa pembeni ya pasi.

Siku hizi nalala kwake mara kwa mara, kwa hiyo namwona asubuhi. Anaoga, anavaa sare, anafunga kilemba. Kabla ya kutoka anakwenda mezani, anaiinua chupa kwa mikono miwili, anaileta shavuni na kufumba macho. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko anavyokaa na shuka lolote, anaisubiri, na mimi kitandani najifanya nimelala huku namwomba Mungu tone moja tu, hata la jasho lake mwenyewe.

"Kavu," anasema, na kuirudisha mezani, kisha anakwenda kazini.