Mikono Niliyoificha

Naikumbuka Jumanne moja ya mvua nyembamba, mjukuu wangu, nilipokuwa mwanafunzi katika mji wa baridi huko Uskoti, nikaingia ukumbini kwa mara ya kwanza maishani kufundishwa dansi ya watu wawili wawili. Usicheke. Najua wewe unanijua kama mzee wa kanisa hapa mtaani Umoja, yule anayesimama mlangoni akiwaambia vijana wazime simu. Lakini hata mzee wa kanisa aliwahi kuwa na miaka ishirini na miwili, na upweke wa kumtosha.

Nyumba nilimolelewa ilikuwa nyumba iliyookoka. Baba alikuwa fundi wa reli, Mama alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na redio yetu ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na mahubiri tu. Siku ya kuniaga, Mama alinitilia pakiti mbili za majani ya chai mkobani, akanishika bega, akaniambia nijihadhari na pombe, uvivu na dansi. Nikamwahidi.

Huko ugenini miezi miwili ikapita bila mtu wa kuongea naye ila mwenzangu mmoja wa darasani, Mghana aitwaye Kofi. Mgeni kuku mweupe: kila aendako anaonekana, lakini hakuna anayemsemesha. Kofi ndiye aliyenisihi tuende kwenye mafunzo ya dansi. Akasema ni katika ukumbi wa kanisa, hakuna pombe, kuna chai na biskuti, na wengi ni watu wazima. Nikajiambia nitakaa kitini tu niangalie. Nawe unajua mwisho wa ahadi za namna hiyo.

Sheria ya pale ilikuwa moja. Wimbo ukiisha, mwalimu anapiga makofi, na kila mwanamume anasogea kwa mwanamke anayefuata. Huchagui, hukatai. Nilicheza na wasichana wawili wa chuo, mwili umekauka kama ubao, macho nimeyaelekeza darini, midomo ikihesabu hatua. Wasichana wenyewe walikuwa wapole, wakanivumilia.

Makofi ya pili yakanifikisha mbele ya Bi Agnes.

Alikuwa mama wa nywele nyeupe, amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi vizuri. Alinyoosha mikono yote miwili tayari kushikwa. Na hapo, mwanangu, ndipo malezi yangu yaliponisimamisha. Wakati ule nilikuwa nimeshamchumbia Rebeka, huyu bibi yako, na kwetu, magharibi mwa nchi yetu, mama mkwe hapewi mkono. Humkaribii, humkodolei macho, mkikutana njiani unampisha. Na mwanamke wa rika la mama mkwe unamhesabu vivyo hivyo. Basi nikaificha mikono yangu mgongoni, nikainamisha macho, nikarudi nyuma hatua tatu kama nilivyofundishwa. Moyoni nilijisifu. Nilijiona kijana mwenye adabu kuliko wote ukumbini.

Bi Agnes alibaki amenyoosha mikono. Kisha akaishusha polepole, akalilainisha gauni lake kana kwamba ndiyo sababu aliyoinyooshea, akachukua koti akatoka. Muziki ulikuwa bado unaendelea.

Kofi alinivuta kando, karibu na birika la chai. "Wewe Wafula," akaniambia, "wasichana unacheza nao, bibi wa watu unamkimbia kama ana ukoma?"

Nikaanza kumweleza habari za wakwe. Hakuningoja nimalize. Akaniambia aliyoyasikia kwa mwalimu: kwamba Bi Agnes na mumewe walikuwa wakicheza katika ukumbi huo tangu ujana wao, kwamba mume alikuwa amefariki, na kwamba ile ndiyo siku ya kwanza mjane huyo kupata nguvu ya kurudi. Nikairudisha biskuti sahanini.

Jumanne iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Nilikaa nikitazama mlango. Nikafikiri, mama huyu alijikaza akatoka nyumbani mwake mara moja tu baada ya msiba, nami nikamrudisha ndani. Je, asipotoka tena?

Nilimwandikia Mama nikamweleza yote, hata lile la dansi, maana dhamiri ilinisonga. Nilitarajia kukemewa kwa sababu ya kuvunja ahadi. Barua yake ilikuja baada ya wiki tatu, mwandiko ukilala kidogo kama kawaida yake. Aliandika hivi:

"Mwanangu Wafula, dansi niliyokukataza ni ile ninayoijua, ya baa. Hiyo yako ya chai siijui, hilo nitamwachia Mungu na dhamiri yako. Lakini mjane amekunyooshea mikono, wewe ukaificha yako. Hapo ndipo nilipolia. Mila yetu ni ya kumpa mama mkwe heshima. Huyo mama hajui mila yako, sasa angejuaje kwamba ulimheshimu? Nenda kwake umwambie kwa mdomo wako. Na usinijibu barua hii kabla hujaenda."

Sijawahi kuchapwa kwa fimbo iliyoingia kama maneno yale.

Mwalimu wa dansi alinielekeza kwa Bi Agnes. Sikutaka kwenda mikono mitupu, kwa hiyo nikachukua pakiti moja ya majani ya chai iliyokuwa imebaki, nikaenda kugonga. Mlango ulifunguliwa kidogo tu, na mnyororo ukabaki umefungwa.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Mimi si mama yako," akajibu.

Nikamweleza pale pale kizingitini, mvua ikinidondokea shingoni. Nikamweleza habari za Rebeka, za mama yake, za kupisha njia, za kurudi nyuma hatua tatu. Kisha akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo mpaka leo naisikia, "Mimi nilidhani nanuka uzee."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Yaani adabu yangu yote, niliyojivunia mbele za Mungu, ilikuwa imemfikia mwenzangu kama matusi.

Akaufungua mnyororo, akanikaribisha jikoni. Akatia maji kwenye birika, huku akinitazama kwa pembeni. "Kwa hiyo ulinikimbia kwa kuwa ningeweza kuwa mama mkwe wako," akasema. "Na mimi sina hata binti." Akaanza kucheka, nami nikacheka, kwa woga zaidi kuliko furaha.

Akaniuliza kama wakwe wa kwetu huishi hivyo milele, wakikimbiana. Nikamwambia hapana, mama mkwe akishapelekewa zawadi yake, akaipokea, mkono unaruhusiwa. Bi Agnes akaitazama pakiti ya chai juu ya meza.

"Basi umeshaleta," akasema, akaninyooshea mkono.

Jumanne iliyofuata alikuja amevaa gauni lile lile. Mwalimu alipopiga makofi, sikungoja atangulie kunyoosha mikono. Nilimkanyaga vidole mara nne. "Kushoto, mwanangu," alikuwa akininong'oneza, "kushoto." Usiku ule nilimjibu Mama barua yake.

Nakuambia haya kwa sababu Jumapili kanisa letu litamwombea binti mmoja wa mtaa wa Komarock anayekwenda kusoma ng'ambo, na wewe zamu yako inakuja. Watu watakuambia mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli. Wengine watakuambia ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Hilo nalo lina ukweli wake. Mimi sikuambii ucheze wala usicheze. Imani uliyolelewa nayo ishike, wala usiionee haya. Ninachokuomba ni hiki: kila mila yako itakapokuzuia kumfanyia mtu jambo analolitarajia, mwambie kwa nini. Mwambie papo hapo, hata ukiona haya, hata kama Kiingereza chako kinakwama. Moyo wako Mungu anauona. Jirani yako anaona mikono tu. Na ukishamuumiza mtu bila kukusudia, usijifiche nyuma ya nia njema. Ukishajua, nenda kwake. Mlango ukifunguliwa kidogo, simama hapo hapo uongee.

Namshukuru Mungu kwa mama aliyenirudi bila kunidharau, na kwa mjane aliyenisamehe kabla sijastahili.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba yangu na mama yangu akutangulie katika vyumba vya kupanga na madarasa ya watu usiowajua. Akupe wenyeji wenye subira, akujalie ulimi mwepesi wa kuomba radhi, na siku ya kurudi utukute tukiwa hai, tumeandaa chai. Amina.