Kilichopinda ni Miguu

Kichochoro chetu kilikuwa chembamba hata jirani wa mbele akikosa chumvi alinyoosha mkono tu dirishani. Jua lilipita hapo adhuhuri kama mgeni mwenye haraka, likachungulia, likaenda zake. Mimi hilo halikunipa taabu. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, na elimu yangu yote nikaitumia kushona kofia, kazi isiyomlazimisha mtu kuvuka kizingiti. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Ada yetu mume huhamia kwa mke, nami nilihamia nikahamia kweli. Hata barabara ya Ndia Kuu, pale nyuma tu, nilikuwa nikiipata kwa habari.

Binti yetu alizaliwa wakati wa vita vikuu vya pili. Mji ulikuwa umejaa askari wa kigeni na malori ya bohari za Shimanzi, na mama mkwe akaapa kwamba jicho la mpita njia halitamwona mjukuu wake. Arubaini ikapita, akaongeza yake. Mtoto akakaa chumba cha ndani, kavikwa mpaka masikioni, kapakwa wanja, mweupe kama muhogo uliomenywa. Wageni wakimsifia weupe huo. Lakini alipotimiza mwaka hakusimama dede, na alipokuja kujaribu, miguu ilipinda kama upinde. Mke wangu akawa hali akashiba. Mama yake akamliwaza kwa namna yake: "Ni mwana wa kike huyu. Buibui litamsitiri."

Mke wangu hakuzaa binti ili asitiriwe matege. Akajitanda, akampeleka mtoto kliniki. Mimi nilibaki, kwa kuwa kulikuwa na kofia ya kumaliza. Siku zote kulikuwa na kofia ya kumaliza. Akarudi na chupa ya mafuta ya ini la samaki na maagizo ya nasi wa kliniki: kijiko kila asubuhi, na mtoto aote jua. Hilo la jua mama mkwe alilicheka mpaka akashika ukuta. Mombasa, ambako watu hulikimbia jua, leo mtu apewe jua kuwa dawa! Kisha akazibua chupa, akanusa, akaacha kucheka. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ndugu ya sifa, mafuta ya papa ambayo wavuvi wa Liwatoni huvipaka vyombo vyao mbao zisioze.

Hata hivyo alisema chupa aachiwe yeye. Tukamshukuru, wajinga sisi.

Kila asubuhi alijifungia na mtoto, na chupa ikapungua vizuri. Ila harufu. Iliingia kwenye mito, ikaingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye kofia zangu. Mteja mmoja aliirudisha yake, akasema yeye aliagiza ya kuendea msikitini, si ya kuvulia papa. Mkwe hamlalamikii mkwewe, basi nikamlalamikia mke wangu, kwa sauti ya kutosha kupenya ukuta. Kesho yake mama mkwe, kwa hasira, akahamishia shughuli yake sakafu ya juu isiyoezekwa, tunakoanika nguo na ndimu za achari, mahali palipozungushiwa ukuta, asipoona mtu ila kunguru.

Mke wangu alipopanda kuanua nguo, alimkuta mtoto uchi katikati ya ndimu, anang'aa, na bibi yake anamkanda mafuta kutoka nyonga mpaka kisigino, kama fundi na chombo chake.

"Mama, dawa ile ni ya kunywa."

"Ya kunywa? Kwani kinywa chake kimepinda?" Hakuinua hata kichwa. "Kilichopinda ni miguu."

Chupa ilikuwa imebaki harufu tu, na kliniki hawakuwa na nyingine mpaka meli ije. Mke wangu alilia. Mimi nilitunga uzi kwenye sindano. Mama mkwe akaipeleka chupa Liwatoni, ikarudi imejaa sifa yenyewe, akaendelea kukanda. Na kwa kuwa pua yangu ilikuwa imekataza harufu isishuke ngazi, kila asubuhi mtoto aliachwa huko juu, yeye na ndimu, mpaka akauke. Weupe ukamtoka. Wageni wakatupa pole.

Ndimu zile tukazila, tukaanika nyingine, ndipo alipoinuka akasimama dede, kashika beseni. Miguu ikanyooka polepole. Nasi wa kliniki aliishikashika, akakisifu kijiko. Mama mkwe alivisifu viganja vyake. Mke wangu, mwana wa adabu, akawaitikia wote wawili. Mimi nilikuja kusoma miaka baadaye kwamba ngozi ya mtoto ikipata jua hujitengenezea vitamini D, nayo ndiyo ikazayo mifupa. Mafuta yakinywewa husaidia, na yakipakwa, mtaniambia nyinyi. Kwa hesabu hiyo aliyemponya binti yangu ni pua yangu, ila katika nyumba ya mkwe, pua haidai shukrani.

Alipoweza kutembea sawasawa, alishuka ngazi, akanipita na kofia zangu, akatoka nje. Nikamwita. Hakugeuka.

"Si mlitaka atembee?" mama mkwe akasema kutoka juu. "Haya bwana, mfuate, nawe ukaanikwe."

Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Hakuna aliyekumbuka vilikowekwa.