Aliyemsikia Bibi Akiomba Maji

Msomaji wangu, wiki hii nilikusudia kuandika mambo mengine kabisa. Jumanne asubuhi nilikuwa stesheni ya Stechford nikisubiri treni ya mjini, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa kanisa letu. Hakunisalimu. "Ametuacha," alisema. "Alfajiri hii. Tulikuwa naye." Treni ilifika, ikafungua milango, ikaondoka, nami sikupanda. Aliyetuacha hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa karibu. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mama wa watoto wawili walio kwa nyanya yao Kakamega, aliyekuwa akihudumia wazee hapa Birmingham, Uingereza. Saratani ndiyo iliyomuua. Lakini sina amani, na ni haki ujue kwa nini.

Nilimfahamu siku tulipokuwa tukiosha vikombe baada ya ibada. Alinisimulia habari za bibi mmoja aliyemkuta katika makao ya wazee alipoanza kazi. Bibi huyo alikuwa Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, aliyehamia Uingereza akiwa mtu mzima. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya Kiingereza chote. Kutwa alipaza sauti, na wahudumu wakaandika kwenye faili lake kwamba ana fujo, apewe dawa za kumtuliza. Yule dada aliingia chumbani mara ya kwanza akiwa amebeba mashuka, akasikia, "Maji. Nipe maji, mama. Koo imekauka." Kwa Kiswahili! "Nikamwambia, pole nyanya, naleta sasa hivi," alinisimulia, mikono ikiwa imetulia ndani ya povu. "Akanywa glasi tatu. Halafu akaniuliza mbona nimechelewa. Sijui alikuwa ameomba kwa miezi mingapi."

Alimweleza meneja, akaambiwa afanye kazi iliyomleta. Baadaye alimkuta bibi ana vidonda mgongoni kwa kulazwa upande mmoja bila kugeuzwa, akaripoti tena. Na tena. Hapo ndipo tuliposikia kwamba wabunge kadhaa watafika kwenye ukumbi mmoja mtaani Washwood Heath kusikiliza maoni juu ya sheria ya kuwalinda watu wazima wasioweza kujitetea. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika magazetini, alikuja kuniuliza kama aende. "Kibali changu cha kukaa hapa kinategemea mwajiri huyo huyo; akinifukuza, nacho kinakwisha," alisema. "Wewe waonaje?" Nikamjibu, "Dada, fikiria watoto. Nyamaza kwa sasa. Atasema mwingine." Akauliza, "Mwingine nani? Mle ndani ni mimi peke yangu ninayemwelewa."

Alikwenda. Nilikuwepo nikamsikia. Alizungumza kwa sauti ndogo, akaeleza yote, hadi mbunge mmoja akamuuliza kwa nini hakuripoti mapema. "Niliripoti mara tatu, mheshimiwa," alijibu. "Kila mara niliulizwa kibali changu kinaisha lini." Mbunge aliweka kalamu chini. Wiki chache baadaye wakaguzi walifika kwenye makao yale. Bibi alihamishiwa kwingine, vidonda vikapona, na sasa ana mhudumu anayezungumza naye Kipunjabi. Nasikia muswada ungali unajadiliwa, na kwamba umeongezwa kifungu kinachotaka mgonjwa asikilizwe kwa lugha anayoijua. Dada yule aliachishwa kazi. Alihangaika mno kabla ya kupata mwajiri mwingine, huko Aston, na alipoanza kuumwa tumbo hakuthubutu kuomba ruhusa hata ya siku moja, asije akaitwa msumbufu kwa mara ya pili. Alipofika kwa daktari, ugonjwa ulikuwa umeenea.

Nilimtembelea hospitalini mara moja tu. Nilimwomba radhi kwa ushauri wangu. "Uliniogopea," alisema. "Hata mimi niliogopa." Kisha akaniambia wauguzi wa pale ni watu wazuri, humuuliza kwanza kabla ya kumgusa. Alitaka nijue hilo, kana kwamba mgonjwa alikuwa mimi.

Miaka yote hii nimewafundisha wabunge kazi yao kupitia safu hii. Leo nawaambia neno moja tu: sheria inayomlinda asiyeweza kujisemea haitafika popote ikimwacha peke yake yule anayemsemea. Lakini lililobaki ni letu, mimi nawe. Mtu akitujia akasema ameona mnyonge akiumizwa, tusimtafutie sababu za kunyamaza. Tumuulize anakwenda saa ngapi, kisha tufuatane naye na kuketi kando yake. Siku ile ukumbini kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu. Mimi nilisimama karibu na mlango, watu wasije wakadhani tumekuja pamoja.