Mbio za Kurudi

Habari ya kifo cha Afande ilitufikia Alhamisi, katikati ya foleni ya githeri. Mpishi wetu, ambaye hata mvua ikinyesha Lodwar haachi mwiko akaishangae, aliuweka chini akasema, "Yule mzee wa matikiti ametutoka. Ameanguka asubuhi shambani, jembe mkononi." Nyinyi mnaosoma safu hii kwenye gazeti letu la ukutani huku mkisukumana mnajua kwamba mimi huandika kuhusu viranja na uji wenye mabonge, siandiki kuhusu marehemu. Sitawadanganya kwamba nililia. Nilianza kuhesabu siku. Maziko ni Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo alfajiri ndiyo zamu yake ya maji. Kwenye mfereji wetu unaotoka mto Turkwel sheria ni moja: asiyefika kwa zamu yake, maji humpita yakaenda kwa jirani, na hayarudi mpaka siku kumi zipite. Mtama wa Afande ulikuwa unachanua. Siku kumi zaidi kwa jua hili letu, na mjane wake angevuna mabua ya kuwashia moto.

Afande alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyerudi nyumbani kulima, mahali ambapo mwanamume hupimwa kwa ngamia. Ndugu yake mchungaji, kila akipita na mbuzi, alimsalimu juu ya ua wa miiba ya mathenge: "Ejok, ndugu yangu. Bado unachimbachimba kama nguchiro?" Naye hujibu, "Ejok. Nanyi bado mnafuata mikia?" Wanacheka wote wawili, na ndugu anaondoka na tikiti kwapani. Sisi hatukungoja kupewa. Mwaka jana watano wa kidato cha pili (majina nayaficha kwa kuwa la kwanza ni langu) tuliruka ua ule mchana kweupe. Afande hakutukimbiza. Alikwenda tu kukaa penye upenyo tuliotegemea kutokea, akatungoja kama mtu anayengoja chai. Tulijiandaa kwa kiboko au, balaa zaidi, kwa mwalimu mkuu. Yeye akatutazama miguu. "Wezi wangu," akasema, "mbio za kuja mnazo. Za kurudi hamna. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, hapa. Asiyekuja nitamfuata gwarideni, mbele ya wasichana."

Tulikwenda. Adhabu yenyewe ilikuwa hivi: shamba limegawanywa majaruba, kila kipande kimezungushiwa tuta, na kila tuta lina mdomo uliozibwa kwa udongo. Maji yakifunguliwa kule juu, mkimbiaji anatangulia kandokando ya mfereji, anaubomoa kila mdomo kwa kisigino, pwaa, bila kusimama. Ukichelewa, maji yanakupita, yanapasua tuta na kubeba mbegu. Jembe alilikataza. "Jembe linafundisha miguu uvivu," alisema. Binti yake wa mwisho, wa kidato cha kwanza, alitushinda sote watano huku akituuliza kama tumeshiba tikiti. Adhabu ilikuwa ya siku moja, nasi tukaitumikia mwaka mzima.

Siku moja tukipumzika nilimwuliza kwa nini anatupigisha kwata na vita vimeisha. Akasema aliwahi kuwa mkimbiaji wa kikosi chake, na wiki aliyotakiwa kwenda Nairobi kuchujwa na wakubwa wa riadha, kikosi kilipelekwa mpakani. "Nikalinda jiwe, miezi minne. Jiwe mpaka leo liko salama." Mkewe, aliyekuwa akichambua kunde, hakuinua uso. "Lingekuwa na miguu, angelileta hapa alifundishe."

Mwaka huu nikachaguliwa kukimbia mita elfu moja mia tano kwenye mashindano ya shule kule Kakuma. Afande alipanda lori la mbuzi kuja kunitazama, akashuka ananuka kama mgeni rasmi wa zizi. Mzunguko wa kwanza niliongoza. Wa pili watu wakaanza kucheka. Kila baada ya hatua ishirini kisigino changu cha kulia kilikuwa kinaruka pembeni na kupiga chini, pwaa, kikifungua majaruba yasiyokuwapo. Kijana mmoja wa Sudan Kusini, anayeishi kule kambi ya wakimbizi, miguu mirefu kama mwezi wa njaa, alinipita akauliza kwa huruma, "Ya akhui, ndugu yangu, unaua nyoka?" Nikamaliza wa tisa. Nilingoja matusi ya kijeshi. Afande akavua kofia. "Umemwagilia Kakuma nzima," akasema. "Kosa si lako. Nilikufundisha kazi nikadhani nimekufundisha mbio." Wiki iliyofuata aling'oa mtama wa ukingo mzima, akasawazisha ardhi, akaacha njia tupu isiyo na mdomo hata mmoja. "Unatoa chakula unapanda vumbi?" mkewe alifoka. "Napanda miguu," akajibu, akaendelea kulima.

Tangu mafuta yapatikane, kila kijana Lodwar anaandika barua ya kuomba kazi visimani Lokichar, hata asiyejua kuandika. Siwacheki, yangu iko chini ya godoro. Tumekuwa taifa la mbio za kuja: kuja mjini, kuja kwenye kaunti mpya, kuja penye harufu ya kitu. Afande aliona miji na mipaka, akakunja sare yake akarudi kwenye mchanga ambao ndugu yake mwenyewe aliucheka. Kurudi kule kulihitaji pumzi.

Jumamosi tulifika watano, jua halijatoka. Jirani mwenye zamu inayofuata alikuwa tayari juu ya mfereji, jembe begani, uso wa msiba. "Nyumba yenye maiti hailimi, wanangu," akasema. "Yaacheni maji yapite." Wazee nyuma yake wakaitikia kwa vichwa. Mjane alitazama mtama, akatazama chini. Ndipo binti akavua viatu vyake vya maziko. "Mzee wetu," akamwambia jirani, "hapa kuna jembe? Sisi hatulimi. Sisi tunakimbia." Mzee mchungaji, ndugu wa marehemu, ambaye hajawahi kushika udongo, ndiye aliyekwenda kufungua maji.

Tukatoka mbio. Pwaa, pwaa, pwaa. Kisigino kile kilichonifedhehesha Kakuma hakikukosa mdomo hata mmoja, na hakuna tuta lililopasuka. Mtama wote ukanywa. Mwishoni sisi wanaume tukaanguka kama magunia. Binti akapitiliza, akaingia kwenye ile njia tupu, akakimbia mpaka mwisho wake bila kupiga kisigino. Kisha akageuka. Akarudi kwa mwendo uleule, akavaa viatu, akasema, "Haya. Tumzike."

Kwenda, ndugu zangu wa foleni ya githeri, hata mwizi wa matikiti anajua. Jifunzeni kurudi.